Kilo za Nini? Historia ya Mazoezi ya Nguvu na Mwendo wa Kila Siku katika Kupunguza Uzito

Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye kila wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani yanayouchangamsha moyo na mapafu, na juu ya hayo afanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili, yaani mazoezi yanayoilazimisha misuli kushindana na uzito, uwe ni wa chuma, wa jiwe, wa ndoo ya maji au wa mwili wenyewe. Kwa anayekusudia kupungua, mambo hayo mawili huambatana na la tatu, nalo ni kupunguza chakula kwa kiasi. Ushauri huu husikika siku hizi katika kliniki, katika kumbi za mazoezi na katika vipindi vya redio kana kwamba umekuwapo tangu zamani, ilhali sehemu zake tatu zilikua katika mazingira tofauti, zikasimamiwa na watu ambao mara nyingi hawakuaminiana, na hazikuletwa pamoja kwa ushahidi wa kisayansi hadi mwishoni mwa karne ya 20 na mwanzoni mwa karne ya 21. Nguvu ilikuwa mali ya wanamaonyesho, ya askari na ya majeruhi waliokuwa wakipona. Mwendo wa kila siku ulikuwa shughuli ya madaktari wa moyo. Na kupunguza uzito kulikuwa suala la sahani. Kilichoziunganisha hatimaye ni kubadilika kwa swali: badala ya kuuliza mtu amepungua kilo ngapi, watafiti walianza kuuliza amepungua kilo za nini.

Kabla ya kutengana

Katika tiba ya kale utengano huo haukuwapo. Galen, tabibu Mgiriki aliyezaliwa mwaka 129 mjini Pergamon, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alianza kazi yake kwa kuwatibu wapiganaji waliokuwa wakipambana kwa silaha mbele ya watazamaji, na kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kuuona mwili uliofunzwa kutoka karibu kuliko matabibu wengi wa zama zake. Katika kitabu chake cha kuhifadhi afya aliyagawa mazoezi katika mafungu matatu: yale ya nguvu, kama vile kuchimba na kunyanyua mizigo; yale ya wepesi, kama vile kukimbia na kucheza mpira; na yale makali, yanayochanganya nguvu na wepesi kwa wakati mmoja. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuyatenga mazoezi na kazi, kwani kwake kuchimba, kupiga makasia na kulima viliweza kuhesabiwa kuwa kazi na zoezi pia, ilimradi viufanye mwili uhangaike kiasi cha kubadilisha pumzi. Aliandika vilevile kuhusu kuwapunguza watu wanene kwa kuwakimbiza hadi watoke jasho jingi.

Ibn Sina, ambaye alikamilisha kitabu chake cha Qanun mnamo mwaka 1025, aliurithi mtazamo huo na kuupanga upya. Katika sehemu inayohusu kuilinda afya aliitanguliza riyadha, yaani mazoezi ya mwili, kisha chakula, kisha usingizi, na ndani ya riyadha aliweka mambo yenye sura tofauti kabisa, kuanzia mieleka hadi kutembea kwa haraka, kurusha mishale na kupanda farasi, huku akisisitiza kwamba kiasi kinachofaa hutegemea umri, hali ya mwili na mazoea ya mtu. Kwa mamia ya miaka kitabu hicho kilisomwa na matabibu wa nchi za Kiislamu na wa Ulaya, na hakuna mahali ndani yake ambapo mwenye kutaka nguvu na mwenye kutaka wembamba walitumwa kwa walimu wawili tofauti.

Karne ya 19: nguvu yaenda jukwaani, unene waenda mezani

Utengano ulianza pale mazoezi yalipopewa kazi za kisiasa na za kibiashara. Mwaka 1811 Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi ya viungo wa Hasenheide, karibu na Berlin, wakati Prussia ilipokuwa imeshindwa na majeshi ya Napoleon, na lengo lake lilikuwa kuwaandaa vijana watakaoweza kuikomboa nchi yao. Miaka miwili baadaye, mjini Stockholm, Pehr Henrik Ling alianzisha chuo cha mazoezi ya viungo ambacho nacho kiliwatazama zaidi askari, walimu na wagonjwa. Katika mifumo yote miwili mwili ulifunzwa kwa ajili ya taifa, jeshi au tiba, na unene wa mtu wa kawaida haukuwa jambo la kushughulikiwa.

Kufikia mwisho wa karne hiyo nguvu ilikuwa imegeuka pia kuwa bidhaa. Eugen Sandow, aliyezaliwa Königsberg mwaka 1867 kwa jina la Friedrich Wilhelm Müller, alianza kama mwananguvu wa majukwaani, lakini alitambua mapema kwamba watazamaji walikuwa tayari kulipia umbo lake kuliko uzito aliounyanyua. Alifungua chuo cha mazoezi London mwaka 1897, akaanzisha jarida mwaka 1898, akauza kwa njia ya posta dambeli, yaani vyuma vifupi vya kushika mkononi, pamoja na kamba za mpira za kuvuta, na mnamo Septemba 14, 1901 akaandaa katika ukumbi wa Royal Albert Hall shindano kubwa la miili iliyojengeka, ambalo mwandishi Arthur Conan Doyle alikuwa mmoja wa waamuzi wake. Sandow aliwaahidi wateja wake nguvu, afya na umbo kwa dakika chache kila siku nyumbani, na katika ahadi hiyo kulikuwa na mbegu ya ukweli. Lakini kwa sababu ilifungamana na biashara na maonyesho, madaktari wengi waliitazama kwa shaka. Kwa zaidi ya nusu karne iliyofuata makocha na waganga waliendelea kuonya kwamba kunyanyua vyuma hukakamaza misuli, humwondolea mtu wepesi na huudhuru moyo.

Wakati huohuo kupunguza uzito kulikuwa kumechukua njia nyingine, na aliyeifungua hakuwa daktari. William Banting alikuwa msimamizi wa mazishi mjini London, mwanamume mfupi ambaye mwaka 1862, akiwa na umri wa takriban miaka 65, alikuwa na uzito wa karibu kilo 92, akishindwa kufunga kamba za viatu vyake na akilazimika kushuka ngazi kinyumenyume ili kuyaepusha magoti yake na maumivu. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu kupiga makasia kwa saa mbili kila asubuhi, kama alivyoshauriwa, na matokeo yakawa kwamba misuli yake ilipata nguvu, lakini hamu ya chakula ikaongezeka kiasi kwamba uzito nao ukaongezeka. Ni pale daktari William Harvey alipompunguzia mkate, sukari, viazi, siagi, maziwa na bia ndipo alipoanza kupungua, na katika muda wa takriban mwaka mmoja alishuka kwa zaidi ya kilo 20. Waraka wake kuhusu unene, uliochapishwa mwaka 1863, ulienea kwa kasi na kuwa mmojawapo wa miongozo ya kwanza ya lishe ya kupunguza uzito kusomwa na umma mpana.

Somo ambalo umma ulilichukua kutoka kwa Banting lilikuwa la upande mmoja. Ilionekana kwamba chakula ndicho kila kitu, na kwamba mazoezi humfanya mtu ashikwe na njaa tu. Hakuna aliyeuliza kama misuli ambayo makasia yalikuwa yameijenga ilibaki au ilikwenda pamoja na mafuta, kwa kuwa mizani, ambayo ndiyo ilikuwa chombo pekee cha kupimia, haikuweza kutofautisha kati ya vitu hivyo viwili.

Chini ya uwanja wa Minnesota

Jibu la kutisha la swali hilo lilipatikana wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ingawa waliolipata walikuwa wakitafuta jambo jingine. Ancel Keys, mtaalamu wa utendaji wa mwili wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, alitaka kujua namna bora ya kuwarudishia afya watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa, na kwa ajili hiyo aliwachagua vijana 36 waliokataa kupigana kwa sababu ya imani zao na waliojitolea kutumika katika utafiti. Waliishi katika vyumba vilivyokuwa chini ya uwanja wa mpira wa chuo hicho. Kwa majuma 24 ya mwaka 1945 walipewa kiasi cha kalori 1,570 kwa siku, yaani karibu nusu ya walichokuwa wakila kabla, kwa chakula kilichofanana na kile cha Ulaya ya vita: viazi, mboga za mizizi, mkate mweusi na tambi. Juu ya hayo walitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki.

Kwa kipimo cha mizani jaribio hilo lilifanikiwa kupita kiasi, kwani vijana hao walipoteza takriban robo ya uzito wao. Lakini kilichopotea hakikuwa mafuta peke yake. Misuli yao ilinyauka, nguvu za mikono na migongo zikapungua sana, mapigo ya moyo yakawa ya polepole, baridi ikawashinda hata wakati wa kiangazi, na wengine walipumzika wanapopanda ngazi. Walipoanza kulishwa tena, mafuta yalirudi upesi kuliko misuli, hata baadhi yao wakawa na mafuta mengi kuliko walivyokuwa kabla ya jaribio. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1950 katika majuzuu mawili makubwa, yalionyesha kwamba kupunguza chakula kwa ukali huku mtu akitembea tu hakutoshi kuilinda misuli, na kwamba uzito unaorudi baada ya njaa haufanani na ule ulioondoka.

Katika miaka hiyohiyo, mjini Chicago, daktari wa jeshi aliyeitwa Thomas DeLorme alikuwa akigundua upande wa pili wa jambo. Hospitali ya kijeshi ya Gardiner ilikuwa imejaa askari waliovunjika miguu na kuumia magoti, ambao kwa desturi walipewa mazoezi mepesi yaliyorudiwa mara nyingi na ambao walichukua miezi kupona. DeLorme, ambaye mwenyewe alikuwa amenyanyua vyuma baada ya kuugua ujanani, aliwavalisha viatu vya chuma vilivyoongezwa uzito kadiri siku zilivyokwenda. Katika utaratibu uliokuja kujulikana kwa jina lake, mgonjwa hutafutiwa kwanza uzito mkubwa kabisa anaoweza kuunyanyua mara 10 mfululizo. Kisha hufanya seti tatu, seti maana yake ikiwa ni fungu la marudio yasiyokatizwa, ya kwanza kwa nusu ya uzito huo, ya pili kwa robo tatu na ya tatu kwa uzito wote. Anapozoea, uzito huongezwa. Makala aliyochapisha mwaka 1945 iliutoa mzigo unaoongezwa hatua kwa hatua katika mikono ya wanamaonyesho na kuutia katika vitabu vya tiba, na hadi leo mpangilio wa seti na marudio unaoandikwa kwenye ubao wa ukumbi wowote wa mazoezi unatokana kwa sehemu kubwa na kazi yake.

Kondakta na dereva

Mwendo wa kila siku ulipata ushahidi wake katika mabasi ya London. Jeremy Morris na wenzake walichunguza kumbukumbu za afya za wafanyakazi wa usafiri wapatao 31,000, wanaume wa umri wa miaka 35 hadi 64, wakayalinganisha makundi mawili yaliyofanya kazi ndani ya gari moja, yenye asili na kipato vilivyokaribiana. Dereva alikaa kwenye kiti kwa karibu asilimia 90 ya zamu yake, ilhali kondakta wa basi la ghorofa mbili alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, akifikisha vidato kati ya 500 na 750 kwa siku ya kazi. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1953 yalionyesha kwamba makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopata hawakufa upesi kwa kiwango kilekile. Matarishi wa posta waliosambaza barua kwa miguu na baiskeli nao walikuwa na nafuu ileile walipolinganishwa na makarani na wapokeaji simu.

Morris hakuishia hapo. Mwaka 1956 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa sare, uliotumia vipimo vya suruali ambazo kampuni ya mabasi iliwashonea watumishi wake, wakaona kwamba viuno vya madereva vilikuwa vipana kuliko vya makondakta wa umri uleule, na kwamba tofauti hiyo ilionekana hata miongoni mwa vijana. Hapo likazuka swali ambalo bado huwatatiza watafiti: je, ni kiti kilichokuza viuno, au wenye viuno vikubwa ndio waliochagua kiti? Katika mwaka huohuo Jean Mayer wa Harvard na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa wafanyakazi wa kiwanda cha juti huko Bengal Magharibi, nchini India, kuanzia makarani na wachuuzi waliokaa kutwa hadi wapagazi waliobeba mizigo. Kati ya wenye kazi nyepesi na wenye kazi nzito, ulaji ulipanda kadiri kazi ilivyozidi, na uzito wa mwili haukubadilika sana. Lakini waliokaa kabisa walikula zaidi kuliko wenye kazi nyepesi na walikuwa wanene kuliko wote. Mwendo, kwa maneno mengine, ulionekana kuwa na faida nyingine mbali na kuchoma kalori, yaani kuifanya hamu ya chakula iendane na mahitaji ya mwili.

Matokeo haya yalipoingia katika maisha ya umma yaliingia bila chuma. Nchini Japani, mwaka 1965, katika hamasa iliyofuata Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, kampuni ya Yamasa iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichopewa jina la kipima hatua 10,000, na namba hiyo, ambayo ilichaguliwa zaidi kwa mvuto wake kuliko kwa ushahidi, ikazunguka dunia nzima. Nchini Marekani, mwaka 1968, Kenneth Cooper, aliyekuwa daktari wa jeshi la anga, alichapisha kitabu kilichoyapa mazoezi alama kulingana na oksijeni ambayo mwili hutumia. Kukimbia, kuogelea na kuendesha baiskeli vilipata alama za juu, na kunyanyua vyuma kukawekwa pembeni. Mamilioni ya watu walianza kukimbia barabarani kwa sababu ya kitabu hicho. Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilipotoa msimamo wake wa kwanza kuhusu mazoezi kwa watu wazima wenye afya mwaka 1978, kilizungumzia siku tatu hadi tano za mazoezi ya moyo na mapafu kwa wiki, bila kuyapa mazoezi ya nguvu nafasi yoyote ya maana.

Je, yanapingana?

Palikuwa pia na hofu ya kitaalamu kwamba mambo hayo mawili hayachanganyiki. Robert Hickson, mtafiti aliyekuwa amezoea vyuma na ambaye aliona nguvu zake zikipungua alipoanza kukimbia na wenzake wa maabara, aliamua kulipima jambo hilo. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1980 aliyaunda makundi matatu: moja lilifanya mazoezi ya nguvu siku tano kwa wiki, la pili lilifanya mazoezi makali ya pumzi, yaani ya moyo na mapafu, siku sita, na la tatu lilifanya yote mawili, kwa majuma 10. Nguvu za kundi la tatu zilipanda sambamba na za kundi la kwanza hadi karibu juma la saba au la nane, kisha zikasimama na hatimaye kuanza kushuka, ilhali uwezo wake wa kutumia oksijeni haukudhurika.

Matokeo hayo yalinukuliwa kwa miaka mingi kama uthibitisho kwamba anayetaka misuli asikimbie. Wengi waliyanukuu bila kuzingatia ukubwa wa mzigo: washiriki wa kundi la tatu walikuwa wakifunzwa karibu kila siku, mara nyingi kwa vipindi viwili vizito. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba mgongano huo hutegemea wingi, ukali na aina ya mazoezi, na kwamba kwa mtu wa kawaida anayenyanyua vyuma mara mbili au tatu kwa wiki na kutembea kila siku, hauna uzito wa kumfanya aache kimojawapo.

Mwaka 1990 ulikuwa wa mabadiliko. Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilirekebisha msimamo wake na kuingiza mazoezi ya nguvu: angalau seti moja ya marudio 8 hadi 12, kwa mazoezi 8 hadi 10 yanayogusa misuli mikubwa, siku mbili kwa wiki au zaidi. Mwaka huohuo Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wazee 10 dhaifu wa umri wa miaka 90 hivi, wanaoishi katika nyumba ya kulelea wazee, ambao baada ya majuma manane ya kunyanyua uzito kwa miguu nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Ikiwa misuli ya mtu wa miaka 90 inaweza kuitikia mzigo, haikuwezekana tena kudai kwamba vyuma ni vya vijana wanaotaka kujionyesha.

Mwendo wa kawaida nao ulipata heshima mpya. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba dakika 30 za mwendo wa wastani kwa siku, hata zikikusanywa kidogo kidogo, zina manufaa, na mwaka 1999 James Levine na wenzake walieleza jaribio ambalo watu 16 walilishwa kalori 1,000 za ziada kila siku kwa majuma manane. Mafuta waliyoongeza yalitofautiana sana, kuanzia chini ya nusu kilo hadi zaidi ya kilo nne, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilielezwa na harakati ndogo zisizoitwa mazoezi: kusimama, kutembea chumbani, kubadili mkao, kushughulika nyumbani. Orodha ya Marekani ya watu waliofaulu kutorudisha uzito, iliyoanzishwa na Rena Wing na James Hill mwaka 1994, ilitoa ushahidi unaokwenda sambamba na huo, kwani wengi wa waliomo waliripoti kwamba hufanya mazoezi kwa takriban saa moja kwa siku na kwamba zoezi lao kubwa ni kutembea.

Kilo za mafuta, kilo za misuli

Kilichobaki kilikuwa kuviweka vyote pamoja ndani ya jaribio moja lenye vipimo vinavyoweza kutenganisha mafuta, misuli na mifupa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke uliochapishwa mwaka 2012 uliwalinganisha watu wenye uzito mkubwa waliofanya mazoezi ya pumzi, waliofanya ya nguvu na waliofanya yote, bila kubadilishiwa chakula. Mazoezi ya pumzi yalipunguza mafuta zaidi. Ya nguvu yaliongeza misuli bila kupunguza mafuta kwa kiasi kikubwa. Na waliochanganya walipata mambo yote mawili, ingawa kwa gharama ya muda mrefu zaidi wa mazoezi.

Mwaka 2017 Dennis Villareal na wenzake walikwenda mbali zaidi. Waliwachukua wazee 160 wenye unene uliokithiri, wakawagawa kwa kura, na wote waliokuwa katika makundi ya mazoezi wakapewa pia mpango wa kupunguza chakula kwa miezi sita. Makundi hayo matatu, la pumzi, la nguvu na la kuchanganya, yalipoteza kiasi kilekile, karibu asilimia 9 ya uzito. Mtu ambaye angetegemea mizani peke yake angesema kwamba hakuna tofauti yoyote. Vipimo vya ndani vilisema vingine: waliofanya mazoezi ya pumzi peke yake walipoteza asilimia 5 ya tishu zisizo za mafuta, ambazo sehemu yake kubwa ni misuli, ilhali waliofanya ya nguvu walipoteza asilimia 2 na waliochanganya asilimia 3. Msongamano wa mfupa wa nyonga ulipungua kwa asilimia 3 katika kundi la pumzi, lakini kwa asilimia 1 au chini ya hapo katika makundi mengine. Na katika mtihani wa shughuli za kawaida, kama vile kuinuka kitini, kupanda ngazi na kuokota kitu sakafuni, waliochanganya waliboreka kwa asilimia 21, ilhali kila moja ya makundi mengine mawili liliboreka kwa asilimia 14.

Sababu ya tofauti hiyo inafahamika. Chakula kinapopungua mwili hutafuta nishati katika akiba zake, na akiba hizo si mafuta peke yake, kwani misuli nayo inaweza kuvunjwavunjwa. Msuli unaobebeshwa mzigo mara kwa mara hupata ishara ya kujijenga upya, na ukipata protini ya kutosha katika chakula, kama ile ya maharage, samaki, mayai au dagaa, hubaki hata wakati mafuta yanapoyeyuka. Kutembea, pamoja na manufaa yake yote kwa moyo na kwa sukari ya damu, hakuibebeshi misuli mzigo wa kutosha kutoa ishara hiyo.

Ushahidi kutoka Ziwa Eyasi

Sehemu moja ya historia hii ilitoka Afrika Mashariki. Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, hutembea sana: wanaume takriban kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6. Ndani ya mwendo huo mna kazi za nguvu zisizo na jina la mazoezi, kwani wanawake huchimba mizizi katika ardhi ngumu kwa mti uliochongwa ncha na kuirudisha kambini mgongoni, na wanaume hupanda mibuyu kufuata asali. Hata mapumziko yao si ya kulegea, kwa sababu sehemu ya muda huo hukaa wakichuchumaa au wakipiga magoti, mkao unaoifanya misuli ya miguu iendelee kufanya kazi kidogo.

Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati inayotumiwa na Wahadzabe 30, vilivyofanywa kwa kuwanywesha maji yenye atomu nzito za haidrojeni na oksijeni na kuzifuatilia atomu hizo katika mkojo. Ilitarajiwa kwamba watu hao wangekuwa wakichoma kalori nyingi mno kuliko wakazi wa miji ya Marekani na Ulaya. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, tofauti hiyo haikuonekana. Maana yake ni kwamba mwili wenye shughuli nyingi huenda hubana matumizi yake mahali pengine, na kwamba wembamba wa Wahadzabe hauwezi kuelezwa na mwendo peke yake bila kutazama wanachokula. Banting, kwa hiyo, alikuwa sahihi kuhusu chakula, ingawa walioyasoma maneno yake walikosea walipohitimisha kwamba mazoezi hayana faida kwa anayetaka kupungua.

Kwa wakulima na wavuvi wa ukanda huu, kazi ya siku ilikuwa na vyote viwili bila kupangwa. Kutwanga kwa mchi na kinu, kulima kwa jembe la mkono, kuvuta jarife na kubeba ndoo kichwani ni mambo ambayo Galen angeyaweka katika fungu lake la nguvu bila kusita, na kati ya kazi moja na nyingine mtu alitembea. Mashine ya kusaga, bomba la maji, bodaboda na kazi ya mezani vimeondoa mateso mengi, na hakuna sababu ya kuyatamani yarudi, hasa kwa wanawake ambao ndio walioyabeba. Lakini vimeondoa pia mzigo na mwendo kwa pamoja. Juhudi za umma zilizoibuka kujaza pengo hilo, kama vile Siku Isiyo na Magari iliyoanzishwa Kigali mwaka 2016 na vikundi vya kukimbia mwishoni mwa wiki vinavyoonekana katika miji ya Tanzania na Kenya, zimerejesha mwendo zaidi kuliko zilivyorejesha mzigo, na kwa namna hiyo zinarudia njia ileile iliyopitiwa na Marekani baada ya mwaka 1968.

Uamuzi unaotokana na safari hii ndefu ni wazi. Chakula ndicho chenye sauti kubwa zaidi katika kuamua mtu atapungua kiasi gani. Mwendo wa kila siku husaidia kupungua huko kusirudi nyuma na huulinda moyo. Na mazoezi ya nguvu huamua kama kilichopotea ni mafuta au ni misuli na mifupa ambayo mtu ataihitaji uzeeni. Kwa asiye na uwezo wa kulipia ukumbi wa mazoezi, kuchuchumaa na kuinuka, pushapu za ukutani au za sakafuni, kupanda ngazi na kunyanyua dumu la maji mara mbili kwa wiki vinatosha kuwa mwanzo, ilimradi mzigo uongezwe kidogo kidogo kama DeLorme alivyowaongezea askari wake, na ilimradi mwenye maradhi ya moyo, ya presha au ya viungo amwone daktari kabla ya kuanza. Na yeyote anayepanda mizani kila wiki afurahie namba inayoshuka baada tu ya kujiridhisha kwamba bado anaweza kuinuka kitini bila kujishika na kubeba mzigo wake mwenyewe.